DIVAI YA DODOMA NA CHAKULA KINACHOIFAA

Siku moja mkulima wa skimu yetu aliingia afisini amebeba kifurushi cha gunia bichi. Ndani mlikuwa na vipande kumi vya mti, vyenye macho kama vipande vya muhogo, pamoja na chupa ya divai nyekundu iliyobaki nusu. Vyote vilitoka kwa shemeji yake anayekaa Dodoma, katika nchi ya Tanzania. Mkulima huyo alikuwa na maswali mawili. La kwanza: aking'oa viazi katika ekari moja na kupanda mizabibu, je, ataweza kumaliza deni la shamba upesi? La pili: divai ile hunywewa na chakula gani? Kwa maana mkewe aliionja pamoja na samaki, akasema ina ladha ya msumari.

Maswali yote mawili ni ya maana, na naona yafaa yajibiwe hapa ili wakulima wote wasome. Lakini kwanza ilinipasa kumwambia jambo ambalo hakulipenda. Miche, vipande vya kupanda na udongo haviruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali na cheti cha ukaguzi, na hapa Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS. Huo si ukali wa bure. Kipande kimoja cha mzabibu chaweza kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho, nao ukiisha kuingia shambani hautoki kwa kuombwa radhi. Basi vile vipande kumi vilichukuliwa vikachomwa moto. Chupa alirudi nayo nyumbani.

NCHI INAYOPENDWA NA MZABIBU

Dodoma iko katikati ya Tanzania, juu ya uwanda ulio kadiri ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya Wagogo, watu wa ng'ombe, mtama na uwele. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 550 au 600 hivi. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Mkulima wa Kinangop akiiona nchi ile mwezi wa Septemba atasema haioti kitu. Kumbe mzabibu waipenda. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na adui yake mkubwa, yaani ukungu, hapati nafasi mahali ambapo majani hukauka upesi.

Walioleta mizabibu huko ni wamisionari Wakatoliki, ambao waliipanda Bihawana karibu na mji wa Dodoma katikati ya karne ya 20. Misa haisomwi bila divai, na divai ya kuagizwa Ulaya ilikuja kwa gharama. Kutoka kwao zao hili lilienea kwa wanavijiji. Baadaye Serikali iliweka kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, kaskazini ya mji, na zabibu nyekundu inayopandwa zaidi Dodoma huitwa kwa jina la mahali hapo. Kwa divai nyeupe wao hupanda Chenin Blanc, yenye asili yake Ufaransa. Ziko aina nyingine pia, kama Syrah, lakini ukizijua hizo mbili za kwanza umeijua Dodoma.

Sasa sikilizeni jambo linalowashangaza hata Wazungu. Katika Ulaya baridi ya majira ya theluji huulaza mzabibu usingizi. Majani yote huanguka, na mavuno ni mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna theluji wala baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa wenyewe hautajua lini ulale wala lini uamke. Utachanua ovyo, tawi moja likiwa na maua na tawi la pili likiwa na matunda mabivu. Basi mkulima wa Dodoma ndiye anayeuletea majira, kwa mkasi na kwa maji. Akiisha kuvuna huupumzisha, huupunguzia maji, kisha huyakata matawi yote ya zamani na kubakiza macho machache tu. Mti ule hushtuka, ukatoa machipukizi mapya kwa pamoja, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Kwa njia hii wao huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari na Machi, tena Agosti na Septemba.

Lakini mavuno hayo mawili si sawa. Yale ya Agosti na Septemba huiva wakati wa ukavu, nazo zabibu zake ni tamu na safi. Yale ya Februari huiva mvua ikinyesha. Tunda hunywa maji mengi, ngozi hupasuka, na ubwiri huingia. Hapo mkulima hana budi kunyunyiza dawa ya mrututu na chokaa, ile ile mnayoijua ninyi wenye viazi na kahawa. Kwa kweli dawa hiyo iligunduliwa kwa ajili ya mizabibu, huko Bordeaux katika Ufaransa, miaka ya 1880. Kwa hiyo kila aliyepata kuponya viazi vyake kwa mrututu ana deni kidogo kwa wakulima wa divai.

NDANI YA KIWANDA

Kiasi cha kilomita 40 kutoka mji wa Dodoma kuna mahali paitwapo Hombolo. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waitaliano walianzisha kiwanda cha divai kiitwacho CETAWICO. Si kiwanda kikubwa kama vile vya Afrika Kusini au Ulaya. Nakitaja kwa sababu kiliwekwa mahali panapofaa, yaani katikati ya mashamba yenyewe. Mahindi yaweza kungoja ghalani miezi sita. Zabibu ya divai ikiisha kukatwa haingoji. Katika joto lile huanza kuharibika siku ile ile. Safari ndefu ya lori ikiziponda ndani ya kreti, hugeuka uchachu kabla ya kufika.

Kazi ya kutengeneza divai si ya uganga. Wale wanaojua muratina wanajua nusu yake tayari. Katika muratina, lile tunda kavu ndilo linalobeba chachu, nayo chachu hula sukari ya asali au ya miwa na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Ndiyo maana kinywaji huchemka bila moto. Kwa zabibu ni vivyo hivyo, ila sukari imo ndani ya tunda lenyewe. Fundi hupima sukari kabla ya kuvuna. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Basi maji ya zabibu yenye gramu 220 kwa lita yatatoa divai ya asilimia 13 karibu. Mkulima akivuna mapema kwa kuogopa ndege na wezi, sukari haitoshi, na divai itakuwa nyepesi na kali kwa uchachu. Hapo bei pia hushuka, na lawama haiko kwa kiwanda.

Watu wengi hudhani kwamba divai nyekundu hutiwa rangi. Sivyo. Kamua zabibu nyekundu mkononi nawe utaona kwamba maji yake karibu ni meupe. Rangi imo katika ganda. Ukitaka divai nyekundu, zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda na kokwa zake kwa siku kadha, huku maganda yanayopanda juu yakisukumwa chini kila siku. Ndipo hukamuliwa. Ukitaka divai nyeupe, hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, kisha maji matupu huchachushwa polepole katika tangi lililopozwa, ili harufu ya tunda isipotee. Sukari ikiliwa yote na chachu, divai huitwa kavu, ingawa ni maji. Ikibakizwa sukari, huitwa tamu. Katika Dodoma hutengenezwa zote: nyekundu kavu, nyeupe kavu, na tamu. Ile nyekundu tamu iitwayo Dompo inajulikana sana katika Tanzania, na wako wanaodhani hakuna divai nyingine duniani.

Chupa moja ya kawaida huhitaji zabibu kilo moja na zaidi kidogo. Kumbukeni hesabu hiyo mkisikia bei ya chupa mjini na kufikiri kwamba fedha zote hizo ni za mkulima. Ndani yake mna chupa yenyewe, kizibo, ushuru, usafiri, mshahara, na mwaka au zaidi wa kungoja.

MKULIMA NA MNUNUZI WAKE

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza. Mizabibu ya Dodoma imewasaidia watu wengi kujenga nyumba na kusomesha watoto. Pia imewaliza. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba zabibu ziliiva vizuri, nao wanunuzi wakawa wachache au matangi yao yamejaa, na mavuno yakaoza mashambani mbele ya macho ya wenyewe. Mwenye mahindi akikosa bei leo hufunga mlango wa ghala. Mwenye zabibu za divai hana ghala; tangi la kiwanda ndilo ghala lake, na ufunguo hana.

Kwa sababu hiyo wako wakulima na watengenezaji wadogo huko waliopata akili ya kukamua zabibu wenyewe. Wao huuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, yaani divai ambayo bado haijatiwa katika chupa, nayo makampuni makubwa huimalizia kazi. Mchuzi ukiwekwa vizuri ndani ya tangi safi lisiloingiza hewa waweza kungoja mnunuzi miezi mingi. Mimi naona hilo ndilo somo kubwa la Dodoma kwa watu wa skimu, hata kwa wale ambao hawatapanda mzabibu maisha yao yote. Wenye maziwa wananielewa.

Nilimwambia mkulima wetu hivi. Shamba lake liko Nyandarua, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, na mvua misimu miwili. Huko ubwiri utakula mizabibu kabla yake yeye. Tena ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 2 huchukua miche 670 hivi, pamoja na nguzo na nyaya za kuitandaza, na mavuno ya maana hayaji kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Deni la shamba halitakaa kimya miaka hiyo. Viazi na ng'ombe vinamfaa zaidi, ingawa havina sifa ya kuwekwa mezani hotelini.

Katika Kenya yenyewe divai hutengenezwa kwa zabibu zilizopandwa karibu na Naivasha, nayo imeitwa Leleshwa, kwa jina la kile kichaka chenye majani ya kijivu na harufu kali ambacho wengi wenu mmekikata kuni. Kwa hiyo sisemi kwamba nchi yetu haifai. Mwenye shamba mahali pakavu, penye maji ya kumwagilia, na penye mnunuzi aliyeandikiana naye mkataba kabla ya kuchimba shimo la kwanza, huyo aweza kujaribu. Miche na ainunue kwa mtu mwenye leseni ya kuiuza. Ama kutengeneza divai ya kuuza ni jambo jingine. Kunahitaji leseni chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, na kuna ushuru wa KRA.

CHUPA MEZANI

Sasa tuje kwa mama na ule msumari wake. Alisema kweli. Katika ganda na kokwa za zabibu nyekundu mna kitu kiitwacho tanini. Ninyi mnaijua, maana imo pia katika majani ya chai. Kunywa chai ya rangi iliyokolea sana, utaona ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Tia maziwa, na ule ukavu hupungua, kwa kuwa tanini hushikana na maziwa badala ya kushikana na kinywa chako. Basi divai nyekundu hutafuta kitu cha kushikana nacho, nacho ni nyama na mafuta yake. Mafuta ya samaki hayapatani nayo; yakikutana hutoa ladha ya chuma. Kosa halikuwa katika divai wala katika samaki, bali ni kuwaoza wasiopendana.

Divai nyekundu kavu ya Makutupora basi na iende na mbuzi wa kuchoma, mbavu za ng'ombe, au mutura. Wenyeji wa Dodoma ni mabingwa wa kuchoma nyama, nao hawakuhitaji kitabu kuwafundisha hilo. Nyama iwe na chumvi ya kutosha, kwa kuwa chumvi huifanya divai kali ionekane laini. Matumbo yaliyopikwa na nyanya pia yapatana nayo. Na asiyekula nyama asidhani amesahaulika: maharagwe mekundu yaliyokaangwa na vitunguu mpaka yakawa mazito, pamoja na mukimo, huikubali vizuri.

Kwa samaki chukua nyeupe kavu. Uchachu wake hufanya kazi ile ile ya ndimu. Ukimkaanga ngege au perege kwa mafuta, ule uchachu huosha mafuta kinywani, nawe wataka kipande kingine. Kuku wa kienyeji wa kuchemshwa au wa kukaanga ni wake pia. Mimi naipenda zaidi na githeri iliyokaangwa, ingawa rafiki zangu hunicheka. Fundi wa divai hakufikiria githeri, lakini ulimi hausomi vyeti.

Jihadharini na pilipili. Kileo huuchochea moto wake, na divai kavu yenye tanini huuzidisha. Kama ni pilau ya sikukuu yenye viungo vingi, au mchuzi mkali, basi hapo divai tamu kidogo, iliyopozwa, ndiyo inayofaa, sukari hutuliza. Lakini hiyo tamu usiilete na keki iliyo tamu kuliko yenyewe, kwa maana itaonekana kama siki. Na ipewe karanga za kukaanga au ndizi mbivu za kuchoma.

Joto la kinywaji ni jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea. Mara ya kwanza nilipowakaribisha wageni kwa divai nyekundu niliiweka juu ya rafu karibu na jiko, nikidhani baridi huiua. Ilikuwa na joto la dawa ya kikohozi, na wageni kwa heshima walimaliza maji yote ya mtungi. Nyekundu ipewe nyuzi 16 mpaka 18 za sentigredi. Katika skimu zilizo juu milimani, ndani ya nyumba tu hutosha. Nyeupe iwe nyuzi 8 mpaka 10. Asiye na friji na aizamishe chupa katika ndoo ya maji ya kisima kwa saa mbili, na kuifunga kitambaa chenye maji mahali penye upepo.

Chupa moja ya sentilita 75 ni gilasi tano za kiasi. Haifai kwa mtoto, wala mama mjamzito, wala mtu atakayeendesha pikipiki au trekta, wala anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Wao wapewe maji ya zabibu kabla hayajachachuka, nayo hupatana na vyakula vile vile vya chumvi.

Jambo la mwisho. Divai iliyofunguliwa haikai. Hewa ikiisha kuingia, vijidudu vya siki huanza kazi, na baada ya siku chache kwenye joto haifai tena kunywewa. Kizibo kirudishwe na chupa iwekwe mahali pa baridi, nayo itavumilia siku tatu au nne. Yule mkulima wetu aliniletea habari juma lililofuata kwamba ile nusu chupa imekwisha kuharibika, akauliza kama aimwage. Nikamwuliza kama nyumbani kuna vitunguu, nyanya na dania. Vilikuwapo. Vijiko viwili vya siki ile katika kachumbari, kando ya nyama ya kuchoma, na mkewe amesema safari hii hakuna msumari.